Mtu wa Ng'ambo ya Barabara

Kijiwe cha Nyamwage kinatazamana na barabara kuu ya Lindi. Adhuhuri ile lami ilikuwa inachemka, na ng'ambo, kwenye mwanga mkali, alisimama mtu mwenye begi, sura yake haionekani. Kivulini walikaa watatu na kahawa yao: Iddy fundi pikipiki, waliyemwita Injinia, Sadala, aliyeitwa Profesa kwa kuwa hakosi jibu, na Kondo, mzaliwa wa Mbuchi, mtu wa maneno machache. Tangu Kondo agombane na mdogo wake Swalehe kwa ajili ya shamba la mpunga la marehemu baba yao, hakujua habari zake, wala hakuzitafuta.

— Yule jamaa anayumba, alisema Injinia. Kalewa.

— Hayumbi, akajibu Sadala. Unaoyumba ni mvuke wa lami. Jicho hapo halijui limlaumu nani.

— Mbona mti wa pembeni yake umetulia?

— Mti tumeuzoea. Jicho likikizoea kitu, linakikataza kucheza.

— Acha kamba, Profesa!

— Wallahi! Hata wewe kaa bila kutikisika mpaka alasiri, tutakutafuta na upo hapa hapa.

Injinia akacheka, akamgeukia Kondo.

— Bwana Kondo, hebu inuka ukamtazame. Huenda kapotea.

— Kahawa yangu bado ya moto, alisema Kondo. Akiwa na shida atakuja.

Basi la Dar likasimama. Yule mtu akageuka, akaanza kulifuata. Alinyanyua magoti juu, kwenye lami kavu, kama anayechomoa miguu kwenye tope la jaruba la mpunga, bega la kushoto limetangulia. Kondo akasimama wima.

— Swalehe! Swalehe wee!

Akakimbia, kikombe kikamwagika nyuma yake. Alipofika barabarani mlango ulishafungwa, Swalehe yumo ndani, basi linaondoka. Aliita mpaka sauti ikakauka, kisha akarudi polepole, ndala mkononi.

— Si umemtazama muda wote ule? aliuliza Injinia.

— Alikuwa amesimama, alisema Kondo. Akisimama ni mtu yeyote tu. Alipotembea ndipo nikamwona ndugu yangu.

Mara akavuka Biasha, muuza korosho wa kituoni, sinia kichwani.

— Kondo ni yupi hapa?

— Mimi.

— Yule baba aliyepanda basi alikuwa anakuulizia. Nikamwambia sikujui kwa sura, ila jina hilo huwa nalisikia likiitwa hapa kijiweni. Akasema nyote mmekaa kivulini, hawezi kuwatambua, na anaona haya kuja kumwomba radhi asiye wake. Akasema atangoja mmoja ainuke atembee, maana mwendo wa kaka yake hawezi kuusahau.

Biasha akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa muda wote ule, jamani, hakuna hata mmoja wenu aliyeinuka?