Tangazo Alilosoma Hilaria

Ndugu waombolezaji, maisha ya dada yetu Hilaria nimeyashuhudia kwa macho yangu haya, tangu alipozaliwa Gulwe tarehe 4 Machi 1947, ingawa mimi Methodi, binamu na mtani wake, nilizaliwa miaka mitano baadaye.

Shule hakupelekwa, alipelekwa kuchunga ndama, ila kichwa chake kilinasa maneno kama gundi, na kwenye kisomo cha watu wazima mwaka 1974 aliwasikiliza wenzake mpaka akakikariri kitabu chote, pamoja na kikohozi cha mwalimu, akafaulu, akapewa cheti, wala herufi moja hakuijua.

Alikuwa ameolewa mwaka 1966 na Obadia wa reli, wakajaliwa Yudith na Erick. Obadia alipopunguzwa kazini mwaka 1992 wakahamia hapa Chang'ombe, Hilaria akafungua kiduka, na kanisani akawa anafunua kitabu cha nyimbo kwa madaha, tukamwita msomi, hata mwaka 1995 wazee wakampa heshima ya kusoma matangazo miezi michache mbele, Jumapili ileile ya tangazo la mwisho la ndoa ya Yudith.

Matangazo huandikwa asubuhi ileile, hayakaririki, basi dada alikonda akabaki kanga tupu. Akamweleza Yudith ukweli, Yudith hakuamini, akampa kasha la sabuni alisome, naye kwa mazoea akalisomea Zaburi nzima, sabuni ikakaribia kuokoka. Yudith alicheka, kisha akalia, akamwambia, mama, hebu kaa, tuanze na hiyo S. Basi majani ya chai, biskuti, vyote vilivyoletwa na biashara huria vikawa shule yake, na mteja wa chumvi alisubiri mpaka pakiti isomwe yote.

Jumapili hiyo ilipofika akasimama, akasoma kama umeme, kuku wa jirani wakanyamaza.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, akafariki hospitalini tarehe 9 Juni 1998. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kanisani.

Shemeji Obadia ananikazia macho, kwa hiyo niseme, hilo la umeme nimelitunga. Alisoma silabi kwa silabi, Yu, di, akarudi nyuma, jasho likimtiririka, jina la binti yake likapita mahubiri kwa urefu, na kanisa zima hakuna aliyecheka wala kumdokezea, mkamngoja mpaka akafika mwisho. Kwa kule kumngoja, familia inasema asanteni sana.

Lala kwa amani, dada. Tangazo lako leo tumelisoma sisi.