Hakimu wa Nje

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi tangu msiba ulipoingia, familia imenipa mimi, binti yake wa pili, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, naomba mnivumilie sauti ikikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa dobi na muuza mboga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1971, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, alikohitimu mwaka 1975 akiwa wa kwanza katika kupiga chapa.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa mahakama ya wilaya, akachapa hukumu za watu asiowajua kwa miaka kumi na tisa, hadi alipopunguzwa kazini Juni 1996, ndipo akaweka mashine kuukuu kwenye kibaraza cha duka la madaftari, ng'ambo ya barabara, mkabala na mahakama, na watu wakambandika jina la Hakimu wa Nje, kwa sababu wengi walianzia kwake, na wengine waliishia hapo hapo.

Alizoea kutuambia kwamba magazeti huandika wezi na wauaji, lakini mezani kwake walikuja mama aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba, mlinzi aliyefukuzwa kwa mdomo bila barua, bibi ambaye mjukuu wake alikataliwa shule kwa herufi moja iliyokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, naye alimuuliza kwanza kila mmoja, "Wewe unataka jambo hili liishe vipi?", akasikiliza hadi mwisho, kabla hajagusa mashine.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi saa, baba yetu, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele ya haki mwaka 1990.

Baba alifariki tarehe 11 Novemba 2011, na maturubai hayajakunjwa, kaka yake akaja na karatasi inayosema amepewa nyumba yetu, imetiwa dole gumba, ilhali baba alitia sahihi kwenye kila stakabadhi ya saa maisha yake yote.

Mama alifungua kesi tarehe 6 Februari 2012, kwa maombi aliyoyachapa mwenyewe, ikaahirishwa mara thelathini na nne, mara hakimu yuko likizo, mara amehamishwa, mara wakili wa upande wa pili anaumwa, na mwaka 2017 faili likapotea, karani wa masjala, ambaye mama ndiye aliyemfundisha kupiga chapa, akamwambia bila kumtazama usoni, "Mama, halionekani, jaribu mwezi ujao," naye akajaribu mwezi uliofuata, na mwingine, na mwingine.

Mwaka 2018, kesi haijaamuliwa, kaka wa baba alitutoa katika nyumba ile, tukahamia vyumba viwili nyuma ya zahanati, na watu walioshinda kesi kwa karatasi zake walipomfuata huko kushukuru, alicheka nao hadi mlangoni, kisha akaingia chumbani na kujifungia hadi jioni.

Nilipomwomba aachane na kesi hiyo, alinijibu, "Mwanangu, watu wote hawa nimewaambia waingie mle ndani, nikiacha mimi, nitawaambia nini?"

Tarehe 2 Februari 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, tukamwona akijifunza kuchapa kwa wa kushoto, herufi moja moja, hadi vidole navyo vikagoma.

Faili lilionekana Mei mwaka huu, chini ya mafaili ya mirathi ya watu wengine, hukumu ikapangwa tarehe 27 Juni, mama akafariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, mikono yake imeshikwa na sisi watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa nyuma ya zahanati, mwenye duka aliyemwachia kibaraza miaka yote, na yule karani, aliyekuja juzi kutupa pole, akatueleza kwamba hukumu haiwezi kusomwa kwa jina la marehemu, lazima kwanza yaandikwe maombi ya kumweka mrithi mahali pake, na yafike kabla ya tarehe 27, nasi tukatazamana, kwa kuwa mambo ya namna hiyo tulikuwa tukimuuliza yeye.

Pumzika sasa, mama yetu, kwa amani.