Joachim Luambano na Ahadi ya Landrova

Baba Paroko, wazee wetu wa Maposeni, ndugu na marafiki mliotoka Songea mjini, Namtumbo na hata Tunduru, poleni kwa msiba na poleni kwa baridi hii ya Julai. Familia imemwomba Romwaldi, mdogo wa mwisho wa marehemu, asimame mbele yenu na kuwasomea maisha ya kaka yake, naye aliyaandika juzi, akayachana, akayaandika tena jana, kwa sababu ndani yake kuna jambo moja ambalo mjane hajawahi kuambiwa, na marehemu mwenyewe ameondoka bila kulitamka.

Marehemu Joachim Otto Luambano alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, hapa hapa Maposeni, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Otto Luambano na Mama Lidwina, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alisoma Shule ya Msingi Maposeni kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na waliosoma naye wanakumbuka kwamba kengele ya shule ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na Joachim peke yake ndiye aliyejua lori lenyewe lilikuwa la aina gani na lilifia wapi. Mwaka 1973 alikwenda Peramiho kujifunza ufundi wa magari, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1976, na kuanzia tarehe 3 Januari 1977 akafanya kazi katika karakana moja kule Hanga, miaka kumi na minne na nusu, bila kuonywa hata mara moja, isipokuwa kwa kuchelewa kula.

Alipoacha kazi, tarehe 30 Juni 1991, aliulizwa angependa kuondoka na kumbukumbu gani, wenzake wakitegemea ataomba saa ya ukutani au baiskeli, yeye akaomba Landrova ya mwaka 1974 iliyokuwa imelala nyuma ya zizi la ng'ombe, injini imeganda, majani yameota kwenye sakafu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Alipewa, pamoja na mayai sita, akaivuta kwa trekta mpaka Songea kwa siku tatu, na watu wa Msamala walitoka nje kumtazama kijana wa miaka thelathini na mitatu anayeleta mzoga mjini kwa furaha kama aliyeposa.

Mwaka 1992 alifungua gereji yake pale Msamala, na kiwanja alikichagua kwa kigezo kimoja tu, kwamba kiwe na mteremko, ili gari likigoma kuwaka kwa ufunguo liachiwe liende lenyewe. Watu walimcheka, wakamwambia nyumba hujengwa tambarare, naye alijibu kwamba nyumba haina gia. Mchana alitengeneza magari ya watu, jioni alitengeneza la kwake, akaichomelea chesisi iliyokuwa imeliwa na kutu, akafungua injini mpaka nati ya mwisho, na mwezi Februari 1994 Landrova ikanguruma kwa mara ya kwanza, ikajaza moshi mtaa mzima, na majirani ambao leo wako hapa wakapiga vigelegele huku wanakohoa.

Jumamosi tarehe 17 Septemba 1994 marehemu alifunga ndoa takatifu na Oliva Haule, binti wa Mateka, katika kanisa la Peramiho, na harusi ile wengi wenu mnaifahamu kwa sababu ya kilichotokea njiani. Bwana harusi alitangulia kanisani, akamwachia mdogo wake Romwaldi, wakati ule ana miaka ishirini na mitatu, kazi ya kupamba Landrova na kumleta bibi harusi, na kwa kuwa kila shangazi alitaka kitenge chake kionekane, na Romwaldi hakutaka kumuudhi hata mmoja, alivifunga vyote tisa mbele ya gari, kutoka taa hii hadi taa ile. Katika mlima wa mwisho kabla ya Peramiho gari lilichemka, mvuke ukafunika kioo, injini ikazima, na hapakuwa na gari jingine, hivyo bibi harusi alishuka, akavua viatu, akatembea kilomita tatu katika vumbi, shangazi yake amembebea shela, akafika altareni saa tano na nusu, miguu myekundu hadi magotini, akilia.

Baada ya misa marehemu aliteremka mwenyewe mpaka mlimani, akafungua boneti, akakaa kule muda mrefu kuliko kawaida, na aliporudi aliwaambia wakwe mbele ya watu wote, "Mpira wa radieta ulikuwa mzee, umepasuka, kosa ni langu mimi fundi." Kisha akamgeukia mkewe akamwambia, "Oliva, gari langu halitakutembeza tena kwa miguu." Wazee waliitikia vizuri, lakini mama mkwe alisema ahadi za mafundi anazijua, hata cherehani yake iko kwa fundi tangu Pasaka.

Ndugu waombolezaji, miaka thelathini na mmoja iliyofuata ni ahadi hiyo ikitekelezwa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, marehemu alilala chini ya Landrova kutia grisi na kukaza nati, na waliomshauri aiuze anunue gari la kisasa linalong'aa aliwajibu kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 1999 aliondoa injini ya petroli akaweka ya dizeli, iliyotoka kwenye pikapu iliyopinduka, akichonga mwenyewe vyuma vya kuishikilia. Mwaka 2006 alifunga radieta kubwa ya lori dogo, akaongeza feni mbili na geji ya joto pana kama kisosi, na mafundi wenzake walimuuliza Songea hii yenye baridi gari linahitaji feni mbili za nini, naye akawaambia wakaulize kwao. Mwaka 2012, magoti ya Mama Oliva yalipoanza kusumbua, alichomelea ngazi upande wa abiria, yenye hatua mbili zilizopimwa kwa mguu wa mkewe, akaondoa kiti cha zamani akaweka kilichotolewa kwenye basi, na mwaka 2017 akaongeza usukani mwepesi, akisema mikono yake ndiyo inazeeka, gari bado.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jordan aliyezaliwa mwaka 1995, na Anjelika aliyezaliwa mwaka 1998, wote wawili walipelekwa kubatizwa kwa Landrova hiyo, na wajukuu wanne. Katika miaka yote hiyo Mama Oliva alikwenda nayo shambani, sokoni, hospitalini na misibani, mvua na kiangazi, hata ule mwaka barabara ilipokatika, na hakuna siku aliyoshuka akamalizia safari kwa miguu kwa sababu ya gari. Katika miaka hiyo yote pia Romwaldi hakukubali kushika usukani wake, kila alipoombwa alisema ana haraka, au macho yanamuuma, na kaka yake hakumlazimisha.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba 2024, akatibiwa Songea na baadaye Peramiho, akapata nafuu, na tarehe 11 Januari mwaka huu aliendesha Landrova kwa mara ya mwisho, akaiegesha pale pale mteremkoni, pua ikitazama chini, akaifunika turubai. Alfajiri ya Jumapili tarehe 13 Julai 2025, mkewe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Siku hiyo hiyo yalizuka maneno nyumbani, nayo hayana haja ya kufichwa, maana hakuna familia isiyo nayo. Jordan, kwa upendo wote wa mtoto wa kwanza, alitaka baba yake aletwe Maposeni kwa gari maalumu la mazishi, jeusi, lenye mapazia, akisema haifai jeneza kukwama barabarani mbele ya watu, na gari lenyewe limelala miezi sita. Wazee wengi walimuunga mkono, na walipomaliza Mama Oliva akasema, "Baba yenu aliniahidi sitatembea, hakuniambia mwisho lini." Ndipo Anjelika akaleta daftari la vipuri la marehemu, na katika ukurasa wa mwisho, kwa tarehe 2 Juni, ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: Siku yangu, Oliva akae mbele. Romwaldi aendeshe. Maji yaangaliwe.

Jumatatu nzima na Jumanne, Romwaldi na Bwana Muhsini wa Tunduru, aliyefanya kazi na marehemu miaka ishirini, walikuwa chini ya Landrova, wakatoa dizeli iliyolala, wakatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, wakafunga betri nyingine, na jana saa kumi jioni Muhsini alisema, "Inshallah, kaka, tuiachie," wakaiachia mteremkoni, ikashuka kimya kwa hatua kumi, ikakohoa, ikawaka. Mtaa ule ule ulipiga vigelegele, kisha ukakumbuka kwamba kuna msiba, ukalia.

Lakini kabla ya hapo, walipofungua sanduku la chini ya kiti kutafuta spana, Romwaldi alikuta mfuko wa nailoni, na ndani yake vitenge tisa vimekunjwa vizuri, vyote vina alama ya kuungua katikati. Shemeji Oliva, mpira wa radieta siku ile haukuwa mzee, marehemu aliufunga mpya Alhamisi kabla ya harusi, na haukupasuka. Gari hupumua kwa mbele, na vile vitenge ndivyo vilivyoliziba pumzi likachemka, na aliyevifunga ni huyu anayesoma. Kaka yangu, mume wako, alivitoa kabla mtu hajaona vilivyoungua, akavificha, akabeba lawama mbele ya wazazi wako siku ya harusi yake, na neno pekee aliloniambia mimi usiku wa sherehe ni, "Nenda ukacheze, mdogo wangu." Nimelikalia jambo hili miaka thelathini na mmoja, shemeji, kwa woga tu, naomba unisamehe kilomita zile tatu.

Leo asubuhi kina shangazi walikuja na vitambaa vyeusi kupamba gari, vikafungwa kwenye vioo vya pembeni na nyuma, mbele hapakuguswa. Jeneza liliingia kwa mlango wa nyuma, Mama Oliva akapanda kwa ngazi yake, na tulipofika kwenye mlima ule macho ya dereva yaliganda kwenye geji, mpaka Mama Oliva akaifunika kwa kiganja, akasema, "Angalia barabara, shemeji, hiyo ameiangalia yeye maisha yote."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Songea na Peramiho kwa kumuuguza kwa moyo, majirani wa Msamala kwa kuni, maji na kukesha nasi, mafundi wote wa gereji, kwa namna ya pekee Bwana Muhsini, ambaye amefunga kazi siku tatu, na Baba Paroko kwa sala, na kwa kuwa hatuwezi kumtaja kila mmoja, mpokee nyote asante yetu. Bwana alitoa, naye ametwaa.

Pumzika kwa amani, kaka Joachim. Maji tuliyaangalia, na shemeji hakutembea.