Mwanabaraka Fikirini na Mashuka Mawili Chini ya Kanga

Kwa heshima na taadhima, familia inautangazia umma kuwa marehemu Mwanabaraka Fikirini alikuwa mnene. Anayeshangaa hakuwahi kukaa naye benchi moja.

Alizaliwa Ruaruke mwaka 1950. Alisoma hadi darasa la nne, akavunja ungo, akawekwa ndani. Kazi ya mwali ilikuwa kula na kufundwa, na kula alifaulu. Alipotolewa amenona, ngoma ikarindima, na Hemedy Mshamu, mchuuzi wa boriti za mikoko Nyamisati, akaleta posa kabla ngoma haijapoa. Wakaoana mwaka 1966.

Biashara huria iliporuhusiwa miaka ya themanini, mafuta ya kupikia yaliyokuwa ya foleni yakawa ya kumwaga. Mwanabaraka akaweka banda la vitumbua Kibiti, kando ya barabara.

Mwaka 1996 walikuja wataalamu kuwapima wanawake wanene: uzito, kiuno, nyonga, damu. Akakutwa na kisukari. Daktari akamweleza kuwa mafuta ya mwilini hutoa homoni ya kuuambia ubongo “tumeshiba”. Yake yalikuwa yamesema mno, ubongo umeacha kusikiliza.

“Kumbe yana mdomo kama wifi yangu Kudra!”

Akashika masharti: mchicha, samaki wa kuchemsha, vitumbua vya kuuza tu. Sukari ikatulia, kiuno kikapungua. Aibu ikaanzia hapo, maana miaka ile mwanamke akikonda, watu walishamaliza: ana ukimwi. Wateja wakalikwepa banda. Kudra akamuuliza mbele za watu, “Wifi, mbona umepukutika? Na kaka yangu je, kapimwa?”

Mwanabaraka aliinama akageuza vitumbua. Kesho yake alitoka kajiviringa mashuka mawili chini ya kanga. Kliniki akaacha, maana kule angeyavua. Akarudia ubwabwa wa nazi ili mwili urudi wenyewe. Ukarudi, na nduguze wakamsifu kwa sauti kubwa kuliko majirani. Leo wanatazama chini.

Mapema mwaka 1999 figo zilichoka. Alifariki hospitalini, Utete, tarehe 9 Mei. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu sita na wifi mmoja. Mola ampumzishe pasipo na macho ya watu.

Siku zake za mwisho, Kudra aliingia wodini akamkuta uso na miguu imejaa tele. Akapiga kigelegele, wagonjwa wakashtuka.

“Alhamdulillahi, wifi yangu! Mwili wako huo umerudi!”

“Maji hayo, wifi.”