Msiache Karata za Ijumaa

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe mkubwa, vua hayo mabuti ya gereji ukae hapa kitandani. Binti yangu, keti miguuni nikuone uso. Na wewe kitinda mimba, zima hiyo simu, wateja wako watasubiri, mimi sina kusubiri. Nisikilizeni bila kunikatiza, kwa kuwa nikikatizwa sijui kama nitaweza kuanza tena.

Nyumba hii niliijenga kwa mikono hii, na vumbi la saruji lililoisimamisha ndilo linaloniangusha sasa. Ni yenu watatu. Isiuzwe, wala pasitokee mtu wa kuikata katikati kwa ukuta. Chumba cha uani ni cha dada yenu, awe ameolewa, ameachika au ameamua kukaa peke yake. Vifaa vyangu vya uashi wapeni mafundi wenzangu. Nyinyi hamna mikono ya kazi hiyo, na msinune, ukweli hauna adabu.

Naogopa, wanangu. Naogopa kufa, asiwadanganye mtu kwamba sisi wazee hatuogopi. Lakini ipo hofu nyingine inayoizidi hiyo, nayo ilinianza tulipotoka kumzika mama yenu. Mkubwa ulikuwa ukirudi kutoka kazini unajifungia chumbani, mdogo umezama kwenye simu, na dada yenu akija na mumewe kunijulia hali anakaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Nikakaa sebuleni nikakisikia kimya cha nyumba yenye watu, nikasema moyoni, humu mtu anaweza kuangamia na wa chumba cha pili asijue. Ndipo nikanunua karata, nikatangaza kwamba kila Ijumaa jioni, hata ikinyesha mvua ya mawe, tunakaa meza moja na kucheza. "Baba amerudia utoto," mdogo ukacheka, na mkubwa ukasingizia mgongo. Mlikuja kwa kunihurumia. Baadaye mkawa mnakuja kulipiza kisasi, maana dada yenu alikuwa hana huruma mezani.

Mnajua alivyokuwa akicheza. Turufu aliipiga kwa kishindo mpaka vikombe vinaruka, kisha anainuka kumzunguka mkubwa akimzomea. Basi Ijumaa moja akawa anaweka karata zake polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Joto lilikuwa la kuchemsha mawe, naye kavaa mikono mirefu. Akashinda, asicheke. Nikaingiwa na baridi. Nikamwambia, "Mama, mbona unacheza kama umekopeshwa mikono?"

"Mkono unaniuma kidogo, baba. Nilianguka."

"Umeanguka wapi?" mkubwa ukauliza.

Kabla ya kujibu akamtazama mumewe kwanza. Jicho lile lilinieleza yote.

Na mumewe alikuwa pale pale, anachanganya karata, anatabasamu. Mtu mpole wa maneno, majirani wote wakimsifu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema, "Leo binti yangu analala hapa." Akajibu, "Mzee, mke wangu ana kwake." Mkubwa ukainuka ukaenda kusimama karibu naye, na siku hiyo nikashukuru kwamba mama yenu alikulisha vizuri. Akaondoka peke yake. Dada yenu alipokunja mkono wa blauzi tukaona alama za kipigo, wewe mdogo ulitoka uani ukatapika, maana mume yule alikuwa rafiki yako, ndiwe uliyemleta nyumbani kwetu.

Mkubwa, tangu hapo umemnunia nduguyo. Mnacheza meza moja, lakini karata yake humpi mkononi, unamtupia. Nimeona. Huyu hakujua, kama nisivyojua mimi niliyemwoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo imenilisha maisha yangu yote, kwa kuwa watu hawazibi nyufa, ndiyo sababu waashi hatukosi kazi. Huu uzibeni nikiwa naona. Mpe mkono. Mpe, mwanangu... Haya. Ahsante.

Sasa wewe, mama. Najua mumeo anakupigia simu. Najua anakuapia kwamba amebadilika, na jana nikiwa nimelala hapa nilimwona dirishani, amesimama ng'ambo ya barabara, anaitazama nyumba kama mtu anayepima kiwanja. Anangoja nizikwe. Anajua nikiondoka meza itakufa, kila mtu atarudi chumbani kwake, na wewe utatoka na begi lako bila mtu kuinua kichwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sikufungi, wewe ni mtu mzima. Ila ukitaka kurudi kwake, kaseme mezani, mbele ya ndugu zako, wakikutazama.

Mkishanizika, Ijumaa inayofuata chezeni. Kiti changu akikalie yeyote, msikiogope. Asiyefika afuatwe alipo, msimpigie simu tu. Kwa simu hata anayelia husema hajambo. Na wewe mdogo, acha kuficha karata kwenye soksi, tunakuona sote tangu zamani.

Nimewaridhia nyote. Mungu awape ugomvi mdogo mdogo wa mezani, awaepushe na ule mkubwa. Awape macho ya kuonana... Pumzi hii... Niinueni kidogo, hapo, hapo panatosha. Msilie, nitashindwa kuwasikia.

Umesema nini, mama? Njoo huku kichwani, masikio yameanza kuwa mbali. Sema tena, na ndugu zako wasikie.

Hurudi kwake.

Mmesikia, nyinyi wawili? Amesema harudi. Mdogo, kaa naye. Mkubwa, nenda... kafunge lango.