Farasi wa Montarrí Afungwe kwa Nani

Benchi la jiwe lililoegemea ukuta wa nyumba ya Casaus lilikuwa limejaa tangu watu watoke misa ya asubuhi, na jagi la divai ya moto lilikuwa limeshazunguka vya kutosha. Hapo ndipo watu wa Sengrats hukaa kila wanapopata la kusema, kwa sababu ukuta ule hupigwa na jua hata kama theluji bado iko mlimani, na kwa sababu mwenye nyumba, Guilhamota, si mchoyo wa divai. Siku hiyo la kusema lilikuwa moja, na lilikuwa kubwa. Bwana wa Montarrí, mtawala wa milima yote kuanzia daraja la chini hadi mpaka wa Aragoni, alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Aliacha watoto wawili wakubwa: Brunissenda, binti wa kwanza, na Espan, mdogo wake. Mmoja wao angefika wakati wowote kuapishwa, na hakuna aliyejua ni yupi.

Guilhamota alisimama mlangoni anasokota sufu, masikio yote yako benchini. Roho ilikuwa juu. Baba yake alifariki kipindi cha baridi, na kwa mila ya bonde nyumba humwendea mtoto wa kwanza, awe wa kike au wa kiume, pamoja na ng'ombe, malisho na sehemu ya kuzikia. Wa kwanza ni yeye. Lakini tangu Bwana afe, mdogo wake Domenc alikuwa ameanza maneno mezani: kama ukoo wa Montarrí utamwapisha mwanamume, kwa nini nyumba ya Casaus ifanye tofauti? Alisema huku akicheka. Guilhamota hakucheka, na tangu hapo usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

— Ni Espan, hiyo imekwisha, alisema Sheria.

Jina lake hasa ni Arnaut. Aliwahi kutoa ushahidi mara moja mbele ya baraza la askofu, na tangu hapo hamwachi mtu amalize kusema.

— Umejuaje? akauliza Chumvi, ambaye hupitisha chumvi kwa nyumbu kutoka ng'ambo ya mlima, na habari pia.

— Mwanamke atashikaje milima, Chumvi? Mwaragoni akija na mikuki, atamrushia mwiko?

— Mwaragoni haji. Nimetoka huko juzi, wanahangaika na kondoo wao kama sisi tu. Halafu mimi nawaambia, Bwana mwenyewe hajafa.

Benchi zima likamgeukia. Chumvi akanywa kwanza, taratibu, maana alijua amewashika. Akaeleza kwamba kwenye monasteri moja ya ng'ambo amemwona mtawa mpya anachota maji, na pua ya mtawa yule ni ile ile ya ukoo wa Montarrí, ndefu, imepinda kushoto.

— Sasa kwenye jeneza wamemlaza nani?

— Mbwa wake. Hukuona lilivyokuwa fupi?

Wakacheka mpaka divai ikamwagika, lakini Sheria hakukubali kupitwa. Akadai kwamba mambo yote haya ni mpango wa mfalme wa Ufaransa, anataka kumuoa Brunissenda, apate milima bila vita, kisha atoboe mlima mmoja katikati ili majeshi yake yapite bila kulowa. Chumvi akasema hapana, ndugu hao wameshaelewana: dada atatawala kiangazi ng'ombe wakiwa juu, kaka atatawala baridi ng'ombe wakiwa zizini.

— Na wakati ng'ombe wako njiani?

— Hapo wanapigana.

Guilhamota alicheka nao, akawaongezea divai, kisha akashindwa kunyamaza.

— Sheria, hebu niambie. Wewe unalala nyumba ya nani?

— Ya mke wangu. Mbona wajua.

— Aliipataje, na ana kaka watatu?

— Alizaliwa kwanza. Lakini dada yangu, hayo ni mambo ya jikoni. Huu ni utawala.

— Sheria ana hoja, akasema Domenc kutoka mwisho wa benchi. Akaongeza polepole, bila kumtazama dada yake: Ikija sheria mpya juu, itashuka tu hadi chini.

Guilhamota aliacha kusokota. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye alimbeba mgongoni kwenye theluji, na sasa anamhesabia siku ndani ya nyumba.

Ndipo waliposikia kwato. Benchi likainuka lote pamoja, kikombe cha mtu kikaanguka, kila mmoja akataka kuwa wa kwanza kuona bendera. Ilikuwa ya Montarrí, dubu mweusi. Mpanda farasi mmoja alikuwa ametangulia, kanzu yake imejaa tope, naye alimshika hatamu farasi mwingine mweupe aliyetandikwa vizuri, hana mtu juu yake.

— Bwana Espan yuko darajani, akasema. Farasi wake ni huyu, nimekuja kuomba ruhusa kama mila yenu inavyotaka.

Huko Sengrats mtawala mpya hafungi farasi mpaka mwenye nyumba ya Casaus akubali, kwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza ukiingia bondeni. Akishakubaliwa huapa kwa bonde, kisha bonde huapa kwake. Bila kukubaliwa, hana kiapo, na bila kiapo hana milima.

— Nyumba hii ni ya nani? mgeni akauliza.

Sheria alifungua mdomo, akakumbuka mke wake, akaufunga. Chumvi alijishughulisha na kamba ya kiatu. Kusema ni ya Guilhamota ni kusema wa kwanza kuzaliwa ndiye mrithi, na Espan si wa kwanza. Kusema ni ya Domenc ni kuvunja haki ya nusu ya nyumba za bonde, ikiwemo ya mke wa Sheria. Macho yote yakamwendea Domenc.

Guilhamota hakungoja.

— Ni yangu, akasema. Mimi ndiye wa kwanza. Na huyo farasi sitamfunga. Mwambie Bwana Espan amlete dada yake, nitamfungia farasi wake kwa mikono yangu.

Mgeni aliweka uso kama wa mtu aliyepigwa na tawi njiani. Akamgeukia Domenc.

— Wewe si ndiye mwanamume wa hapa? Ni kweli anachosema?

Domenc alimtazama farasi mweupe kwa muda mrefu, akamtazama dada yake. Neno moja tu, na ng'ombe wangekuwa wake, na malisho, na mlango. Guilhamota aliona jinsi anavyolitaka, akamwonea huruma, akamwogopa.

— Nyumba ni ya dada, alisema hatimaye. Mimi nalala kwake tu.

Mgeni akageuza farasi wote wawili, akarudi nao darajani bila ruhusa. Guilhamota akakaa benchini, kati ya Sheria na Chumvi, naye alikuwa analia kwa furaha mbele za watu bila kujali.