Siku Mama Mkwe Aliposimama Mkutanoni

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa kikundi, mmependeza, ila msinikazie macho hivyo nitasahau ninachosema.

Leo mnaniita diwani, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kata hii. Lakini niliposhindwa mara ya kwanza, nililala kitandani mchana kutwa.

Nilizaliwa upande wa Nyamongo, nikaolewa hapa, na mume nikamzika hapa hapa. Nilipotangaza kugombea, watu waliniambia kwa upole, "Dada, nyie si mna viti maalumu? Kata waachie wanaume." Nikakaza. Siku ya kujinadi akanyanyuka shemeji yangu mmoja wa ukoo. "Huyu ni wa nani sasa? Mumewe hayupo. Kata ikipewa kisima, si atakipeleka kwao?"

Watu wakacheka. Ndugu zangu, nawaambia, kicheko kile kilinimaliza. Nikashindwa vibaya, nikaacha kuja kikundini, hata kwenda kuchota maji niliona aibu.

Mama mkwe alikuwa akiniletea uji, anakaa mpaka nimalize bakuli. Siku moja akasema, "Mimi nilizika mwanangu, nikalia, nikanyamaza. Wewe umekosa kura tu. Amka tukapalilie." Nikaamka. Nanyi akina mama wa kikundi mkaja na majembe yenu, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Uchaguzi uliofuata nikarudi. Shemeji yule yule, swali lile lile. Ndipo mama mkwe akasimama katikati ya wanaume, na mnajua kwetu mwanamke hamkatizi mwanamume mkutanoni.

"Mura, kijana wewe, kaa chini! Ng'ombe wa mahari yake walitoka zizini kwangu, nilikuwa nawakamua mwenyewe. Siku ya harusi ulikula nyama ukasema huyu ni wetu. Kama leo amekuwa wa Nyamongo, nenda kwao ukanirudishie ng'ombe wangu!"

Wakacheka tena, ila safari hii hawakunicheka mimi. Nikapita.

Juzi shemeji alikuja kuniuliza habari za kisima. Akaanza, "Diwani wetu..." Wetu! Nikamkaribisha chai, nifanyeje?

Nawashukuru wote mliokuja na majembe. Mwenzenu akianguka, msimhubirie. Mpelekeeni uji, mkalime naye.

Na wewe mama, uliyekaa pale mbele ukijifanya husikii, simama wakuone. Siku ile hukungoja ruhusa ya mtu. Leo mimi ndiye ninayekuomba.